Elwai, Fundi wa Friji na wa Vielezi

Wageni waliofika mtaani wakitafuta fundi wa friji walielekezwa kwa Elwai, na wengi wao, wakishamkuta, walimuuliza huo ni ukoo wa wapi. Yeye alijifuta mikono kwa kitambaa, akatabasamu, akajibu kwamba huo si ukoo, ni herufi mbili tu za Kiingereza, L na Y. Kama wana haraka, aliwaambia, wamweleze kwanza friji ina nini, habari ya herufi itafuata. Na ilifuata kweli. Ni wateja wachache sana waliowahi kuondoka pale bila kuisikia.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, kwenye kona ambapo barabara ya lami inakutana na ya vumbi. Nje zilipangwa friji za watu, nyingine zimefunguliwa migongo, nyingine hazina milango, na moja kuukuu ililazwa chali ili awekee humo spana, mabomba ya shaba na chakula chake cha mchana. Ukutani, kwa rangi ya buluu aliyoipaka kwa mkono wake mwenyewe, palikuwa na tangazo: FRIDGES REPAIRED QUICKLY, CHEAPLY AND GOODLY. Maneno mawili ya kwanza yenye L na Y hayakuwa na neno. Lile la mwisho liliwafanya baadhi ya wapita njia waliosoma wapunguze mwendo, wasome tena, kisha waendelee na safari yao wakiwa na uso wa mtu aliyekumbuka kichekesho. Elwai alidhani wanavutiwa na mwandiko.

Kiingereza alikipata shuleni kama watu wote, ila chake kilikatwa mahali pabaya. Kilimtesa tangu mwanzo. Leo unaambiwa "go", jambo likishapita linakuwa "went", na ukiuliza hiyo "went" imetoka wapi unaambiwa kaa chini. Halafu Ijumaa moja mwalimu wao akaandika maneno machache upande wa kushoto wa ubao, "slow", "quick", "bad", akachora mstari, na upande wa kulia akayaandika tena yakiwa yameongezewa L na Y. Huku kushoto, akasema, ni jinsi kitu kilivyo. Huku kulia ni jinsi jambo linavyofanyika. Elwai alikaa akiusubiri mtego. Mtego haukutokea. Mwalimu aliposema jaribuni wenyewe, alinyoosha mkono kwa mara ya kwanza mwaka ule, akasema "careful, carefully", na darasa zima likaambiwa limpigie makofi.

Jumatatu yake hakurudi shuleni. Baba yake alikuwa ameanguka kazini na kuvunjika nyonga, nyumbani wakahitaji mtu mwingine wa kuleta chochote, na mjomba aliyekuwa fundi wa friji akamchukua amfundishe kazi. Kwa hiyo hakujua, na aliendelea kutojua mpaka alipoota mvi, kwamba somo la Ijumaa lilikuwa nusu. Nusu ya pili ilifundishwa Jumatatu, nayo ilihusu maneno yasiyotaka kusikia habari ya L wala ya Y.

Alichokuwa nacho alikitumia. Ukimpigia simu alikujibu kwamba anakuja "fastly". Mteja akipewa kiti cha plastiki aliambiwa akae "comfortably". Wakimuuliza hali, alikuwa "finely". Na Kiingereza kikimwishia hakurudi nyuma. Alichukua neno la Kiswahili akalifunga mkia uleule. Nashukuru sanali. Nipe chenji harakali. Mzigo huu ubebeni polepoleli, una kioo. Mtaa ulimcheka, kisha ukamzoea, kisha ukaambukizwa. Mwenye duka la jirani akawa anawaambia wateja wake wasubiri kidogoli, na vijana waosha magari wakiulizwa habari wakajibu poali.

Mkewe alikuwa mshonaji wa mapazia, mwanamke wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa na ncha. "Baba watoto," alimwambia siku moja akiwa na pini mdomoni, "hiyo eli-wai yako ungekuwa unaiunga kwenye suruali zako, zisingekuwa zinakuishia juu ya kifundo."

"Zingekuwa ndefuli," akajibu, na kuendelea kunywa chai.

Binti yao, kitinda mimba, alilelewa ndani ya Kiingereza hicho. Alipokuwa mdogo, baba yake akimwogesha alimwambia afumbe macho "tightly", na akimlaza alimfunika hadi kidevuni akamtakia alale "goodly". Mtoto akakipenda. Akakisoma, akafaulu, akaenda chuo cha ualimu kukisomea zaidi. Huko, katika wiki zake za mwanzo, alisimama mbele ya wenzake kujitambulisha, na kwa fahari kabisa akasema "my father works very hardly". Darasa likaangua kicheko. Mkufunzi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimuuliza kama baba hagusi kazi, karo inatoka wapi. Ndipo alipoelezwa.

Alirudi likizo akiwa amejipanga kumwambia baba yake. Alipofika nyumbani alimkuta amesimama getini na majirani, akiwatangazia kwa sauti iliyovuka barabara kwamba huyu binti yangu mnayemwona atawafundisha watoto wenu Kiingereza "properly". Na "properly" ilikuwa sahihi. Binti akakosa pa kuanzia. Alipomdokeza mama yake, mama alitoa pini mdomoni.

"Kuna wanaume wanakunywa," alisema, "na kuna wanaocheza kamari. Wa kwetu anatia eli-wai. Mwache."

Akamwacha. Akahitimu, akapata kazi kwenye shule ya sekondari ya karibu, na ikawa mchana anawasahihisha watoto wa watu, jioni anarudi kula chakula na baba yake huku amebana midomo.

Sasa, kando ya barabara kuu kulikuwa na hoteli ya ghorofa mbili, na jikoni kwake kulikuwa na chumba cha baridi ambacho mtu mzima anaingia na kusimama. Elwai ndiye aliyekitunza. Siku moja aliitwa akakuta mpira unaozunguka mlango umechoka, umelegea upande wa chini, joto linapenya. Mpira mpya ulipaswa kuagizwa. Alimweleza meneja kwamba mpaka ufike, mlango ule usifungwe kwa adabu. Usukumwe kwa bega mpaka kitasa kilie. Meneja alikuwa na wageni mapokezi wanaotaka vyumba. Sawa, sawa, akasema, waandikie huko jikoni, maana mpishi mkuu mpya ametoka nchi ya mbali, Kiswahili hajui, na leo yuko mapumziko.

Kuambiwa aandike kulimfurahisha Elwai kuliko chai aliyokaribishwa. Aliomba boksi tupu, akakata kipande, akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika kwa herufi kubwa: PLEASE CLOSE THIS DOOR HARDLY. Akarudi nyuma kidogo kuangalia kazi, akaona nafasi imebaki, akaongeza chini yake: THANK YOU SINCERELY. Hilo la pili lilimpendeza hata zaidi. Akakibandika mlangoni kwa selotepu, akaenda zake.

Mpishi mkuu, ambaye jikoni wote walimwita Shefu, alirudi kazini kesho yake. Alikuwa mtu mkubwa mwenye masharubu yaliyopinda ncha, na aliheshimu maandishi. Chupa ikiandikwa itikiswe kabla ya kutumiwa, ilitikiswa, hata kama imeisha. Alisimama mbele ya mlango akasoma, akasoma tena. Kwa Kiingereza anachokijua yeye, ambacho ndicho wanachokijua na wenye Kiingereza chao, boksi lilikuwa linaomba mlango ule usifungwe sawasawa, uguswe tu kidogo basi. Aliona ajabu. Lakini fundi ni fundi. Huenda mashine ilikuwa na homa yake inayotaka hewa, na mtu anayeshukuru kwa dhati namna ile hawezi kuwa anatania. Akawakusanya wasaidizi wake, akawaonyesha kwa vitendo. Mlango unarudishwa kwa kidole kimoja, unaachwa umeegemea, basi.

Mpishi msaidizi, mama aliyeanza kazi jikoni pale kabla hoteli haijapakwa rangi, alijaribu kumweleza kwa ishara kwamba milango ya friji hufungwa. Shefu akamwonyesha boksi. Mama akainua mabega akarudi kwenye vitunguu vyake.

Asubuhi iliyofuata walikuta maji yametambaa hadi chini ya meza ya kukatia nyama. Ndani ya chumba cha baridi, mabomba yalikuwa yamevimba barafu nene kama godoro, feni imenasa humo haizunguki, kompresa imekoroma mpaka imenyamaza. Samaki walikuwa wamelainika, siagi imekuwa mafuta, na kuku wanatiririka machozi.

Elwai alipofika, Shefu alikuwa amesimama mbele ya mlango amekunja mikono. Wakaanza kuzungumza kwa Kiingereza. Elwai aliuliza kama mlango ulifungwa "hardly". Shefu akajibu kwamba ndiyo, aliufunga "hardly". Elwai akasema haiwezekani, ungefungwa "hardly" haya yasingetokea. Shefu akasema aliufunga "hardly" mwenyewe kwa mkono wake, na hakuna mtu katika jiko lolote amewahi kufunga mlango "hardly" kumshinda. Basi haikuwa "hardly" ya kutosha, akasema Elwai. Shefu akauliza mtu afanyeje zaidi ya hapo, na akainua kidole kimoja kuonyesha kipimo. Elwai akakitazama kile kidole asijue kimeingiaje katika mazungumzo. Walikuwa wanakubaliana kila neno, na kadiri walivyokubaliana ndivyo sauti zilivyopanda.

Meneja alikuwa na Kiingereza cha kukaribisha wageni na cha kuwaaga. Cha katikati hapo hakuwa nacho. Akaomba aitwe mtu wa kusaidia. Elwai akampigia simu binti yake.

"Mwalimu," alisema, kwani ndivyo alivyomwita tangu ahitimu, "pitia hapa hotelini. Kuna mtu hajui Kiingereza."

Ilikuwa Jumamosi, na binti alikuja moja kwa moja kutoka sokoni na mfuko wake mkononi. Akasoma boksi. Akafumba macho kidogo. Alipoyafumbua boksi lilikuwa bado lipo. Alianza na Shefu, kwa sauti ya chini, na Elwai akaona masharubu ya yule bwana yakianza kutetemeka. Kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, hii 'hardly'."

"Nimekosea herufi?"

"Herufi zote ni sawa. Ila maana yake siyo kwa nguvu."

"Ni nini?"

"Ni kwa shida. Kidogo mno. Karibu sawa na kutofanya kabisa."

Elwai alilisoma tena boksi. Nyuma yake maji yalikuwa yanadondoka kwenye karai.

"Nani kaibadilisha?" aliuliza.

"Hakuna aliyeibadilisha, Baba. Ilikuwa hivyo tangu mwanzo."

"Na wakitaka kusema kwa nguvu?"

"Wanasema 'hard'."

"'Hard' tupu?"

"Tupu."

"Bila kitu nyuma?"

"Bila kitu, Baba."

Hapo Shefu uvumilivu ulimwishia. Alikaa juu ya kreti la soda akacheka mpaka akashika mbavu, meneja akacheka kwa kumfuata, na mpishi msaidizi akacheka kuliko wote, maana yeye alikianza kicheko chake tangu jana. Elwai hakucheka, wala hakukasirika. Alilibandua boksi, akalikunja, akalitia mfukoni mwa ovaroli, akaomba ndoo ya maji ya moto.

Alifanya kazi kutwa nzima. Barafu aliiyeyusha kwa maji na taulo, hakuigonga kwa chuma kama mafundi wenye pupa wanaoishia kutoboa mabomba. Aliinasua feni, akabadilisha kifaa cha kuwashia kompresa kilichokuwa kimeungua, akaweka sikio. Kompresa ikakohoa, ikashika. Upande wa pili wa jiko Shefu alikuwa anakaanga na kuchemsha kila kilicholainika, kwa sababu hakingeweza tena kurudi kwenye baridi, na mchana ule wageni, wafanyakazi na walinzi walikula samaki na kuku mpaka wakalegeza mikanda. Elwai aliletewa sahani iliyojaa. Binti yake, aliyekuwa amebaki, akakaa naye kwenye ngazi za nyuma. Walikula wakiangalia kamba ya kuanikia vitambaa vya meza.

Jioni, nyumbani, kijiko kilikuwa njiani kwenda mdomoni pale Elwai aliposita.

"Na 'fastly'?"

Binti akamtazama mama yake. Mama akajitia kutafuta chumvi.

"Haipo, Baba. Ni 'fast' tu."

"'Finely'?"

"Ipo. Lakini hiyo ni kama kitunguu kikikatwa vipande vidogo vidogo. Mtu akikuuliza hali unamwambia 'fine'."

"Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nawaambia watu nimekatwakatwa."

Mama akakohoa ndani ya kikombe.

"Na 'goodly'?" Elwai akaendelea. "Iko ukutani kwangu, kwa rangi ya mafuta."

"Ni 'well', Baba."

"'Well'." Alilitamka kama mtu aliyeonjeshwa dawa. "Na 'good' ikaenda wapi?"

Hilo hata chuoni hawakumfundisha binti yake.

"Umeyajua haya tangu lini, Mwalimu?"

Ndipo alipomsimulia yaliyompata chuoni, jinsi alivyosimama, alichosema, na swali la mkufunzi kuhusu karo. Mama, ambaye naye alikuwa anaisikia habari yote kwa mara ya kwanza, aliweka kijiko chini.

"Kwa hiyo huko chuoni mume wangu anajulikana kwa uvivu."

"Hawamjui, Mama. Walisikia tu."

"Na wakaamini kwamba nyumba hii inalishwa na mapazia." Alifikiri kidogo. "Sijaona ubaya."

Elwai hakuupokea utani ule. "Mmekaa na mimi meza moja mkinisikiliza," alisema. Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliuma. "Ungeniambia, mwanangu. Ningeudhika siku moja, ikapita."

"Nilikuwa nangoja siku utakayokosea tu, Baba, usipatie hata neno. Haikufika. Kila nikifungua mdomo, wewe unasema 'carefully', unasema 'properly', nami naufunga."

Siku zilizofuata mtaa ulijua kuna jambo. Elwai akipigiwa simu alisema anakuja. Anakuja vipi, hakusema. Alinunua sabuni dukani, akasema ahsante, na mwenye duka akabaki amemwangalia.

"Ahsante tu?"

"Tu."

"Mzee, unaumwa?"

"Siumwi."

Vijana waosha magari wakaacha kusema poali akipita, kama watu wanaopunguza sauti ya redio jirani akifiwa. Mkewe naye alianza kuona nyumba imekuwa na mwangwi. Mchana mmoja akiwa juu ya kiti anapima dirisha, alimwambia, "Baba watoto, nisogezee hicho kitambaa polepole." Akangoja. Akapewa kitambaa. "Nimesema polepole," akarudia. Elwai akamshikia kiti. "Wewe mwanaume," alisema akishuka, "nimekuachia mlango wazi namna hii nawe unapita tu kama hukuuona."

Labda hilo ndilo lililomtikisa. Siku ileile alimngoja binti yake atoke shuleni, akamwambia, "Mwalimu, nifundishe lile la Jumatatu." Binti akauliza Jumatatu ipi, na baba yake akamweleza habari ya ile Ijumaa, ya makofi, na ya nyonga ya babu. Binti alikuwa ameisikia hadithi ya L na Y ikisimuliwa kwa wateja mara nyingi. Sehemu ya Jumatatu hakuwahi kuisikia, kwa kuwa Elwai mwenyewe alikuwa ameitambua tu siku zile za ukimya, akirudisha akili nyuma. Binti akatua mkoba wake chini. Akatafuta kalamu, na kwa kukosa ubao akaandika kwenye mlango mweupe wa friji mbovu.

Mwanafunzi wa namna ile hakuwahi kumpata. Elwai hakukubali neno lipite bila kufunguliwa mgongo.

"'Fast' ina hitilafu gani mpaka ikatae mkia?"

"Haina hitilafu. Inafanya kazi zote mbili yenyewe."

"Na hii 'friendly'? Naona mkia unao."

"Unao, ila inaeleza mtu alivyo. Haielezi kitendo."

"Yaani imevaa sare ya polisi na siyo polisi."

"Ndiyo, Baba."

"Na wanaiacha inatembea barabarani."

Binti alicheka mpaka akaegemea friji. Ile ya polisi aliipeleka darasani kwake, na wanafunzi wake waliposahau mengine yote, hiyo hawakuisahau. Elwai hakuona cha kuchekesha. Neno linaloongezwa kitu likageuka na kusema kinyume chake, kwake yeye, lilikuwa kazi ya fundi mbaya, na alitaka kujua aliyelifanya alipewa adhabu gani. Lakini alijifunza. Alichukua brashi akafuta GOODLY ukutani akaandika WELL, na kwa kuwa neno hilo ni fupi na ukuta ulibaki wazi, akachora hapo friji ndogo yenye mlango uliofungwa. Kuhusu maneno ya Kiswahili hakuyumba. Waingereza, alisema, hawana mamlaka nayo. Sanali ikarudi, harakali ikarudi, na mwenye duka akamrudishia chenji kwa moyo mweupe.

Mpira mpya wa mlango ulipofika alikwenda kuufunga. Shefu alimpokea kwa mikono miwili, akamletea kahawa, na akawa anamshikia bisibisi kama muuguzi. Kazi ilipokuwa inaisha alimuuliza, kwa Kiingereza cha taratibu, jambo lililokuwa linamsumbua. Anataka kuwaagiza watu wake kwa Kiswahili. Majina ya vitu ameyapata. Lakini kusema jambo lifanyike hivi au vile, ninyi mnafanyaje?

Ungeona uso wa Elwai. Hajawahi kuulizwa swali zuri kama hilo maishani. Ni rahisi, akamwambia. Sisi hatuweki nyuma, tunaweka mbele. Ni "ki" tu. Mtoto, kitoto. Jeshi, kijeshi. Muungwana, kiungwana. Shefu akarudia, akapatia, akapeana naye mkono, na Elwai akarudi karakana akipiga mluzi.

Alipokwenda tena kuukagua ule mpira kama umekaa, alisikia jikoni kabla hajaingia. "Koroga kipole," Shefu alikuwa anasema. "Osha kisafi. Wewe, njoo kiharaka." Wasaidizi walikuwa wameinamia masufuria, mabega yakiwatikisika, na walikuwa wanajibizana hivyohivyo, nipe chumvi kikidogo, pisha kinyuma. Mpishi msaidizi alimvuta Elwai pembeni.

"Fundi, umemfanya nini huyu mtu? Jana kaniambia nimepika kitamu. Nimekitafuta hicho kitamu jikoni kote, sikukiona."

Elwai alisimama na bisibisi yake. Shefu, alipomwona, alipanua mikono na kumwambia mbele ya watu wote kwamba amefurahi kikubwa kumwona. Alikuwa amechangamka mno, na hakuwa anajua kwa nini wote wametazama chini. Kreti la soda lilikuwa palepale. Elwai angeweza kulikalia na kucheka zamu yake.

Badala yake alimshika mkono akampeleka kando, kwenye mlango wa chumba cha baridi, akamwambia kwa Kiingereza kwamba ile aliyompa ilikuwa nusu. Nusu nyingine ameileta leo, kabla Shefu hajaiandika ile ya kwanza mahali. Neno "haraka" halitaki kuongezwa chochote. "Polepole" imeshajirudia yenyewe. "Nguvu" inataka "kwa". "Zuri" na "baya" zinataka "vi". "Tamu" ni ya kusifu chakula chenyewe, aseme chakula kitamu, lakini kupika, mtu hupika vizuri.

Shefu alikuwa ameshatoa kalamu. Akaandika kiganjani, akasimama. "Kwa nini?" aliuliza.

"Kwa nini ipi?"

"Zote."

Elwai alijikuna kidevu kwa bisibisi. Alikuwa amezungumza Kiswahili tangu azaliwe na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Shefu hakumpa nafasi. Huyu mama, akasema akimwonyesha mpishi msaidizi, mara anasema njoo haraka, mara anasema kapika kwa haraka. Ipi ni ipi?

"Zote sawa," akasema mpishi msaidizi baada ya kutafsiriwa.

"Hapana," akasema Elwai. "'Haraka' ni ukiwa unakimbia. 'Kwa haraka' ni ukikaa chini kusimulia ulivyokimbia."

"Hiyo umeitunga sasa hivi."

"Kwani ni uongo?"

Mama akajaribu sentensi mbili tatu kimoyomoyo, midomo ikimcheza, na ikawa hawezi kukubali wala kukataa. Binti wa Elwai alipopita kumchukua baba yake waende nyumbani pamoja, waliomba yeye ndiye aamue, maana ndiye mwalimu. Akasema yeye ni wa Kiingereza. Hiyo haikumsaidia. Dakika chache baadaye mfuko wake wa daftari ulikuwa juu ya meza ya vitunguu, na yeye mwenyewe amesimama mlangoni na hao wengine, wakimpa Shefu neno "kimya", Shefu akiuliza hii "ki" ni ileile au ni nyingine, Elwai akishikilia kwamba ni ya kuzaliwa nayo, binti akisema hana hakika, na Shefu akiandika yote kiganjani mpaka wino ukapanda kifundo cha mkono.

Mpishi msaidizi aliwaacha mapema. Wageni wa jioni walikuwa wameanza kukaa mezani. Alipitia katikati yao mara ya kwanza kuchukua nyama, mara ya pili kuchukua maziwa, na mara ya tatu, akiwa na sufuria mikononi na hakuna anayempisha, aliwaambia kwamba wasipotoka hapo mlangoni atawaweka kwenye mchuzi wote, na wakishaiva wataamua wenyewe wameivaje.